Kutunga bia ya kahawia yenye ladha ya kimea: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ni yaleyale. "Kaka, nimeongeza kimea cha karameli mpaka nusu kilo, mbona bia imekuwa kama sharubati?" "Mangi, nikitia sukari kidogo si itakolea?" "Mimi nipe resipi tu, hayo mahesabu niachie." Nimeona niyajibu yote kwa pamoja, kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe hapa Moshi ninapotunga bia ya kahawia, ile ambayo Waingereza wanaiita brown ale.

Resipi utaipata. Ila usiishie kuinakili, kwa sababu kimea ulichopata mwezi huu huenda usikipate mwezi ujao, na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, ulizoletewa na mtu aliyetoka Nairobi hazina uchungu sawa na zangu. Ukijua kutunga, utabadilisha vipimo na kuendelea na kazi.

Kabla ya yote, shika jambo hili: ladha ya kimea si utamu. Fikiria ukoko wa ugali. Hakuna aliyeutia sukari, lakini watoto wanagombania sufuria. Ile harufu ya nafaka iliyoiva kwa moto ndiyo tunayoitafuta kwenye glasi. Ukikimbilia utamu utapata bia nzito inayokinaisha kabla hujamaliza chupa moja.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Vipimo vyote hapa ni vya lita 15 za bia. Nimechagua lita 15 kwa sababu ndoo tuliyonayo wengi ni ya lita 20, na bia inapochachuka hupandisha povu jingi. Ukijaza ndoo hadi juu, utaamka asubuhi povu likiwa sakafuni.

- Sufuria la lita 30 au zaidi, lile la kupikia pilau ya shughuli.
- Ndoo ya plastiki ya chakula ya lita 20 yenye mfuniko unaobana, na mpira mwembamba wa kutolea hewa. Ncha moja inaingia kwenye mfuniko, nyingine inazama ndani ya chupa ya maji.
- Mfuko mkubwa wa kitambaa chepesi cha pazia, wa kuwekea kimea. Ukitumia chandarua, kiwe kipya na kisichotiwa dawa. Vyandarua vingi vinavyogawiwa vimetiwa dawa ya mbu, hivyo havifai kabisa.
- Kipimajoto kinachofika nyuzi 100.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu.
- Haidromita ya kupimia uzito wa togwa. Usianze bila hii. Bila haidromita hujui bia imekwisha kuchachuka au bado, na chupa iliyofungwa kabla ya wakati hupasuka.
- Chupa 28 za nusu lita za kioo cha kahawia, vizibo vipya na kifaa cha kuvibania. Kioo cha kijani au cheupe hupitisha mwanga, na mwanga huharibu harufu ya hopsi.
- Dawa ya kuua vijidudu kwenye vyombo.
- Daftari.

Nitatumia neno togwa kwa maji matamu ya kimea kabla hayajatiwa hamira. Kila Mtanzania anajua togwa ni nini, na hii ni togwa kweli, tofauti yake ni kwamba inatokana na shayiri.

Na hapa tunazungumzia bia ya kunywa nyumbani kwa watu wazima. Kuuza kunahitaji leseni. Kukeneka, yaani kutengeneza pombe kali kama gongo, ni jambo jingine kabisa, sheria inalikataza na mimi silifundishi.

Hatua ya 1: Anzia kwenye glasi

Kabla ya kugusa mizani, andika sentensi mbili za bia unayotaka kunywa. Bia za kahawia hazifanani. Newcastle Brown Ale, iliyoanza kuuzwa mwaka 1927 kaskazini mwa Uingereza, ni nyepesi, kavu kidogo, na hunukia karanga. Za kusini mwa Uingereza za mtindo wa zamani ni tamu zaidi na pombe yake ni ndogo. Wamarekani nao wanatia hopsi nyingi mpaka zinakaribia kukifunika kimea.

Mimi niliandika hivi: "Rangi ya chai ya rangi iliyokaa kwenye birika. Inukie ganda la mkate na karanga za kukaanga, iishie kavu kiasi cha kumfanya mtu atake funda jingine." Kila uamuzi unaofuata unarudi kwenye maneno haya.

Hatua ya 2: Weka namba nne

1. Uzito wa togwa kabla ya kuchachuka: 1.050. Haidromita ikiwa kwenye maji matupu husoma 1.000, na kila kinachozidi hapo ni sukari ya kimea. Bia za kahawia nyingi huwa kati ya 1.045 na 1.055.
2. Uzito wa mwisho: 1.012 hadi 1.014. Kutoka 1.050 hadi 1.013 unapata pombe ya karibu asilimia 4.9.
3. Uchungu: 25 kwa kipimo cha IBU. Kanuni rahisi ya bia ya kimea ni kwamba uchungu uwe kama nusu ya tarakimu mbili za mwisho za uzito. Uzito ni 50, uchungu 25. Ukifika 35 utaanza kuisikia hopsi kuliko kimea, na ukishuka hadi 15 bia italegea mdomoni.
4. Rangi: 35 hivi kwa kipimo cha EBC. Ukiinua glasi kwenye mwanga uone wekundu pembeni.

Hatua ya 3: Chagua kimea

Hapa ndipo bia inapozaliwa au kuharibika, kwa hiyo usiwe na haraka.

Kimea cha msingi kichukue asilimia 65 hadi 75. Hiki ni kimea cheupe cha shayiri, ndicho chenye sukari nyingi na vimeng'enya vya kugeuza wanga. Tumezungukwa na shayiri: inalimwa West Kilimanjaro na Monduli. Lakini shayiri ya shambani bado si kimea mpaka ioteshwe na kukaushwa kwa joto la kupimwa. Nunua kimea kilichokamilika. Ukipata cha Uingereza cha aina ya Maris Otter, kichukue, kina ladha ya mkate kuliko vyeupe vingi. Usipokipata, cheupe cha kawaida kinatosha, mradi hatua inayofuata uifanye vizuri.

Kimea cha Munich, asilimia 15 hadi 20. Kwa maoni yangu hiki ndicho uti wa mgongo wa ladha tunayoitafuta. Kimekaushwa kwa joto la juu zaidi, kwa hiyo kinaleta ganda la mkate bila kuacha utamu mwingi. Mtu akiniambia bia yake haina ladha ya kimea, swali langu la kwanza ni kama aliweka Munich.

Kimea cha biskuti, asilimia 5. Huleta karanga na biskuti kavu. Hiki unaweza kukaanga mwenyewe, nitaeleza.

Kimea cha karameli cha rangi ya kati, asilimia 6, na kisizidi 10. Hapa ndipo wanaoanza wanapoumia. Sehemu kubwa ya sukari yake hamira haiwezi kuila, kwa hiyo inabaki kwenye bia. Kidogo kinaleta mwili na harufu ya sukari iliyounguzwa. Kikizidi, unapata ile sharubati.

Kimea cha chokoleti, asilimia 3. Jina ni la rangi, ndani hakuna chokoleti. Kazi yake ni kutia rangi na kivuli cha mbali cha kahawa. Ukivuka asilimia 5 hiyo siyo tena bia ya kahawia, umehamia kwenye bia nyeusi.

Sukari usitie kwenye sufuria. Sukari nyeupe huliwa yote na hamira ikageuka pombe, bia ikawa kali na nyembamba, na ladha ya kimea ikapungua. Jibu la "itakolea" ni hilo.

Nimeulizwa pia kuhusu kimea cha ulezi, kile kinachotumika kwenye mbege. Nina mapenzi nacho. Bibi yangu Kibosho alikuwa anatafuna punje mbili tatu kabla ya kununua, na kama hazikuwa na utamu alirudisha mkono bila kusema neno. Unaweza kuweka gramu 300 za ulezi badala ya gramu 300 za kimea cheupe. Ila wanga wa ulezi haulainiki vizuri kwenye joto tunalotumia kwa shayiri, kwa hiyo pika uji wake kwanza, uuache upoe kidogo, kisha uchanganye. Usijaribu ulezi mtupu kwa resipi hii. Hiyo ni pombe nyingine, na ina utaratibu wake wa heshima, wa ndizi na msesewa.

Hatua ya 4: Geuza asilimia ziwe kilo

Chukua tarakimu za uzito uzidishe kwa lita: 50 × 15 = pointi 750. Kilo moja ya mchanganyiko huu ina pointi kama 296 ikiwa utazitoa zote, lakini nyumbani kwa mfuko hutazitoa zote. Chukulia asilimia 70, yaani pointi 207 kwa kilo. Gawanya 750 kwa 207, unapata kilo 3.62. Sasa zigawanye:

- Kimea cheupe: kilo 2.5
- Munich: gramu 600
- Karameli: gramu 230
- Biskuti: gramu 180
- Chokoleti: gramu 110

Mpiko wa kwanza ukitoka na uzito wa 1.045 badala ya 1.050, usihuzunike. Maana yake ni kwamba vyombo vyako vinatoa asilimia 63. Iandike, na safari ijayo tumia hiyo badala ya 70.

Hatua ya 5: Kaanga kimea chako cha biskuti

Kama umepata cha dukani, ruka. Ila mimi hata nikikipata bado nakaanga changu, kwa sababu harufu yake mbichi haifananishwi na kitu.

Chukua gramu 200 za kimea cheupe ambacho hakijasagwa. Washa mkaa, uache ushike majivu, moto uwe wa wastani. Tumia kikaango kizito. Mimina kimea kisizidi kina cha kidole kimoja, ukoroge kwa mwiko bila kuacha, kama unavyokaanga karanga. Dakika tano za kwanza hakuna kinachoonekana. Karibu dakika ya kumi harufu inakuwa ya nyasi zilizokauka juani. Kisha inageuka: mkate, halafu biskuti zinazotoka kwenye tanuri. Hapo anza kukata punje kwa kisu kila dakika moja na utazame ndani, kwa sababu ganda la nje linadanganya. Punje mbichi ni nyeupe kama unga. Unataka ndani iwe na rangi ya chai ya maziwa. Kwenye jiko langu inachukua dakika 20 hadi 25. Ikifika, mimina mara moja kwenye sinia pana, kwa kuwa kikaango cha moto kinaendelea kuipika.

Mwenye oveni atandaze kwenye trei, nyuzi 150 hadi 160 kwa nusu saa, akigeuza mara mbili.

Kisha kiweke kwenye mfuko wa karatasi kwa wiki moja au mbili. Hili watu hawalipendi, lakini kimea kilichokaangwa leo kina ukali unaokwaruza koo, na ukali huo unatoka wenyewe kikiachwa kipumzike.

Kimea cha chokoleti usikikaange nyumbani. Nimejaribu: nyumba ilijaa moshi, na kilichotoka kilikuwa majivu nje na kibichi ndani. Hicho nunua.

Hatua ya 6: Hesabu hopsi

Kwa bia hii nachagua hopsi za Kiingereza zenye harufu ya udongo na maua, kama East Kent Goldings au Fuggle. Hopsi zenye harufu ya machungwa na maembe zina mahali pake, lakini hapa zitaziba kile tulichokihangaikia.

Kwenye pakiti kuna asilimia ya asidi ya alfa, ile inayoleta uchungu. Kwa hopsi zinazochemka dakika 60, gramu unazohitaji ni uchungu unaotaka × lita, ukigawanya kwa asidi ya alfa × 2.2. Nataka 22 kutoka hapa, hopsi zangu zina alfa ya asilimia 5: 22 × 15 ÷ (5 × 2.2) = gramu 30. Kisha gramu 10 dakika 10 kabla ya kuzima, ambazo zinaongeza uchungu kama 3 na harufu kidogo. Jumla 25.

Hiyo 2.2 nimeishusha kidogo kwa sababu ya mwinuko. Moshi mjini maji huchemka karibu nyuzi 97, Arusha karibu 95, na hopsi hutoa uchungu pungufu kwenye joto la chini. Aliye Arusha atumie 2.1.

Hatua ya 7: Maji

Utahitaji lita 22.5. Karibu lita 3 zitanyonywa na machicha, 3.5 zitapotea kwa mvuke katika saa moja, na moja itabaki na masimbi chini ya sufuria.

Kwa maji ya bomba, tatizo la kwanza ni klorini. Kinga maji jioni, yaache wazi usiku kucha, au yachemshe dakika 15 uyaache yapoe.

Walioko Arusha na vijiji vya kuzunguka Mlima Meru wasikilize hapa. Maji ya sehemu nyingi huko yana floridi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano, ndiyo inayotia meno rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi. Kinyume chake, maji yakipungua kwa mvuke floridi inazidi kukolea. Kama hujui maji yako yakoje, pikia ya dukani au ya mvua safi. Gharama inauma, najua, lakini hiki ni kitu ambacho wewe na wageni wako mtakunywa.

Hatua ya 8: Siku ya kupika

1. Vunja kimea. Kila punje ipasuke vipande vitatu au vinne, ganda libaki zima kadiri iwezekanavyo. Kinu cha mkono cha mahindi kinafaa, kinu na mchi vinafaa ukitwanga kidogo kidogo. Mara ya kwanza nilipeleka kilo tatu kwenye mashine ya kusaga ya mtaani, nikarudishiwa unga laini. Mfuko uliziba, maji hayakupita, na bia ikawa na ukakasi wa ndizi mbichi.
2. Pasha lita 22.5 hadi nyuzi 70.5. Tandaza mfuko ndani ya sufuria, mimina kimea ukikoroga ili kisifanye madonge. Joto litatulia karibu 67.5.
3. Zima moto, funika, viringisha sufuria kwa blanketi kwa saa moja. Joto hili ndilo linaloamua mwili wa bia. Kwenye 64 unapata bia kavu, kwenye 70 unapata nzito. Bia ya kahawia inataka 67 hadi 68. Likishuka chini ya 65, washa moto mdogo huku unakoroga, mfuko usiguse chini.
4. Pima kwa tone la ayodini kutoka duka la dawa. Weka matone ya togwa kwenye kisahani cheupe, tia ayodini. Ikigeuka nyeusi au bluu, wanga bado upo, ngoja dakika 15. Togwa ya kisahani imwage.
5. Inua mfuko, uache udondoke, ukamue kwa mikono iliyovaa glavu. Machicha haya hayana hopsi, ng'ombe na nguruwe watayafurahia.
6. Chemsha saa moja bila kufunika. Hopsi gramu 30 mwanzoni, gramu 10 ikibaki dakika 10. Dakika tano za kwanza usiondoke, povu linapanda ghafla. Baadaye masimbi ya hopsi yafukie mbali na mbwa, kwa mbwa hopsi ni sumu.
7. Poza haraka. Weka sufuria lililofunikwa ndani ya karai kubwa la maji, badilisha maji yakipata joto, barafu mwishoni. Fika chini ya nyuzi 20. Kuanzia hapa kila kinachogusa togwa kiwe kimeuliwa vijidudu.
8. Mimina kwenye ndoo kutoka juu, ichafuke na kutoa povu, hamira inahitaji hewa. Pima uzito, andika.

Onyo kuhusu jiki: ikiwa ndiyo dawa uliyonayo, suuza vyombo mara mbili kwa maji yaliyochemshwa. Kamwe usiichanganye na siki, mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu.

Hatua ya 9: Hamira na joto

Tumia hamira ya bia. Pakiti moja ya gramu 11 hivi ya SafAle S-04 au Nottingham inatosha lita 15. Hamira ya maandazi itachachusha, ndiyo, lakini haitulii chini na inaacha ladha ya unga uliochacha.

Weka bia kati ya nyuzi 17 na 20. Hapa Moshi hili ndilo gumu kuliko yote. Bia inayochachuka hujipasha yenyewe nyuzi tatu hadi tano zaidi ya chumba, na chumba cha Februari kina nyuzi 28. Ikichachuka hivyo utanusa ndizi mbivu na spiriti, na kimea hutakisikia. Ninachofanya: ndoo inakaa ndani ya beseni la maji, nimeivika taulo lililolowa ambalo ncha zake zinazama kwenye maji, mahali penye upepo na giza. Asubuhi na jioni natumbukiza chupa mbili za maji yaliyoganda. Siku tatu za kwanza ndizo za kulinda zaidi. Kama unaweza kuchagua, pika Juni hadi Agosti. Arusha miezi hiyo usiku ni baridi mpaka unaweza kuhitaji blanketi badala ya barafu.

Hatua ya 10: Chupa

Subiri siku 10 hadi 14. Pima. Pima tena baada ya siku tatu. Namba isipobadilika, na iko karibu na 1.013, bia imeiva. Ikiwa bado inashuka, usifunge chupa.

Yeyusha gramu 65 za sukari kwenye maji kidogo yanayochemka, ipoe, iweke kwenye ndoo safi, kisha hamishia bia juu yake kwa mpira bila kuirusha. Sukari hii ni ya gesi tu. Kiasi ni kidogo kwa makusudi, gesi nyingi huchoma ulimi na kuficha kimea. Jaza, ziba, weka gizani wiki tatu. Utajaribiwa kufungua wiki ya kwanza. Fungua moja ukitaka, ila usiihukumu bia kwa hiyo.

Mambo yakienda kombo

*Tamu na nzito.* Angalia uzito wa mwisho. Ukiwa juu ya 1.018, ama joto la kimea lilipita 69 au hamira ilisinzia kwa baridi: sogeza ndoo penye joto kidogo, itikise taratibu, ngoja siku tano. Ukiwa 1.013 na bado tamu, punguza karameli nusu.

*Nyembamba, haina ladha.* Joto la kimea lilikuwa chini, au ulitia sukari. Au kimea chako ni cha zamani: tafuna punje, ikiwa laini kama mkate uliolala, imeingia unyevu.

*Harufu ya dawa ya hospitali.* Klorini ya maji au jiki isiyosuuzwa. Haitoki. Mwaga.

*Harufu ya ndizi.* Joto la kuchachusha.

*Ukakasi unaokausha ulimi.* Kimea kilisagwa unga, au ulichemsha machicha.

*Uchachu kama siki, na utando juu.* Vijidudu vimeingia. Badilisha mpira na ndoo, mikwaruzo ya plastiki inavificha.

*Chupa moja imepasuka.* Usishike nyingine kwa mikono mitupu. Zifunike kwa gunia zito, ziweke kwenye ubaridi, zifungue moja moja ukiwa umevaa glavu na kukinga macho.

*Imetoka vizuri lakini si ile uliyoandika kwenye sentensi mbili.* Hapa ndipo utungaji unaanza. Badilisha kitu kimoja tu kwa mpiko mmoja. Ukibadilisha Munich, hopsi na hamira kwa pamoja, hutajua kilichosaidia. Mpiko wangu uliopita ulikuwa na kahawa zaidi ya karanga, kwa hiyo huu ulioko ndani ya beseni sasa hivi nimeshusha chokoleti kutoka gramu 110 hadi 90, na gramu 20 nimeziongeza kwenye biskuti niliyokaanga mwenyewe. Mengine yote yako vilevile.